Usimpeleke Zawadi Akakatwe Kimeo

Nakumbuka siku moja, Neema mwanangu, na kila nikiikumbuka siwezi kukaa. Ndiyo maana unaniona nazunguka hapa uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niache nizunguke. Tangu uliponiambia kesho unampeleka mwanao Zawadi kwa yule mama mkataji akakatwe kimeo ili aseme, roho yangu haijatulia.

Nilikuwa rika lako, naishi mtaa wa Mabatini, nauza dagaa. Masanja, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa ametimiza miaka mitatu na hasemi kitu. Ukimwita hageuki. Ila fungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, huyo keshafika! Mchana kutwa alikuwa akipanga dagaa wangu mstari mmoja mrefu, na ukimsogezea mmoja tu analia mpaka majirani wanachungulia. Walioniona waliniambia nisubiri, eti watoto wa kiume huchelewa, hata baba yake alichelewa. Wengine walinong'ona kwamba nimerogwa. Mwisho mume wangu akaamua kwamba kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ndicho kinachomzibia maneno. Mimi ni nani nibishe? Nikamfunga mtoto mgongoni, tukaondoka kwenda kwa mkataji.

Mkataji alikuwa ameshatoa kisu chake mama mkwe wangu alipoingia. Tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Alikuwa amesikia habari, akatoka kijijini kwake Bujora alfajiri, na mwanamke yule, jamani, hakuwa na breki. Hakusalimia mtu. Alimnyakua Masanja mapajani pangu, akanikazia macho.

"Huyu mtoto akilia, sauti inatoka?"

"Inatoka, Mayu. Tena kubwa."

"Akila anameza?"

"Anameza."

"Sasa koo lina kosa gani hata mlikate? Mtoto akiitwa hageuki, masikio mmepeleka wapi yakapimwe?"

Mume wangu akasema taratibu, "Mama, lakini hii ni desturi yetu. Hata wewe unaijua."

"Naijua sana," akasema, akamkumbatia Masanja kifuani. "Dada yako uliyeambiwa alikufa kwa homa, hakufa kwa homa. Tulimkata kimeo, damu ikakataa kukoma."

Loo! Mume wangu alikaa chini pale pale kwenye udongo. Hakuwahi kujua. Mayu akanishika mkono akanitoa nje, naye bado amembeba Masanja.

Tulikwenda hospitali siku ileile. Masikio yakapimwa, yakawa mazima. Baada ya kuitwa hospitali tena na tena, daktari akatuambia mtoto ana usonji. Akatueleza kwamba hakurogwa, wala sikumlea vibaya, ila akili yake inayapokea mambo kwa namna yake, na maneno hayatakuja yenyewe tukikaa kusubiri. Dawa ya kumeza hakuna. Kuna mazoezi, na yaanze sasa.

Dada mmoja pale akanifundisha kukaa chini sakafuni, uso kwa uso na mtoto, nicheze mchezo wake yeye, niseme neno moja kisha ninyamaze nimsubiri. Kunyamaza, mimi muuza dagaa! Ilikuwa kazi. Basi Masanja akipanga dagaa wake, namshikia mmoja karibu na uso wangu, nasema "dagaa", nangoja. Kwa muda mrefu alinyoosha mkono tu. Baadaye akaanza kuniangalia. Kisha asubuhi moja akasema "gaa". Nililia, Neema, nikampa beseni zima.

Sikudanganyi kwamba yaliisha. Masanja wa leo unamjua, maneno yake ni machache na kelele za soko zinamtesa. Lakini akiumwa anasema pa kuuma. Akikataa jambo, anakataa kwa mdomo wake. Unadhani hilo ni dogo?

Sasa nisikilize, mwanangu. Usimpeleke Zawadi kwa mkataji, hata mumeo akinuna. Mlete kwangu anune hapa. Usimfungie ndani kwa kuona haya, wala usimwachie simu imlee. Usingoje afike umri wa shule. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki, mimi na wewe, na ukiambiwa "atasema tu, msubirini", usiinuke kwenye kiti, omba masikio yapimwe na uelekezwe kwa wanaofundisha watoto kuongea. Ukirudi nyumbani, kaa naye chini, ucheze anachokipenda yeye hata kama kwako hakina maana. Utachoka. Ukichoka, niite nikupokee.

Mungu alilinde koo la mtoto huyu na kila kisu. Akupe magoti ya kukaa sakafuni na moyo usiochoka kumngoja. Na sisi wote tulio karibu naye atufundishe kumsikiliza kuanzia leo, angali hajasema neno.