Nilipokea zawadi zote za wakwe kule Singapore, nusura binti yangu akose ndoa

Wakuu, salaam kwenu mlioko nyumbani na mlioko mbali kama mimi.

Sina kawaida ya kuanzisha uzi. Kazi yangu humu ni kusoma na kucheka. Ila juzi nimeona vijana wanabishana kuhusu Singapore, mmoja anasema ni peponi, mwingine anasema ukitema mate unafungwa, na wote wawili hawajafika.

Mimi nimefika. Nitaeleza nilichokiona na kilichonikuta, bila chumvi. Ukifika pa kucheka cheka tu, hata mimi nilichekwa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mzee wa Kyela, darasa la nne, la tano nililisikia kwa jirani. Niliingia Johannesburg kijana, nikalala Bellevue chumba kimoja na Wakongo watatu na Mrundi, nikajifunza kuchomelea. Leo nina workshop yangu hapo hapo Bellevue. Natengeneza mageti, grili za madirisha, na vile vizimba vya nondo ambavyo wenye spaza, viduka vya mtaani, kule Diepsloot wanakaa ndani wakiuza mkate.

Woga wa watu wa Joburg ndio umenisomeshea watoto. Sioni aibu kusema.

Sasa nina binti, Atupele. Kazaliwa hapa, kasoma hapa, mambo ya meli na mizigo, kampuni ikampeleka Singapore. Kiswahili anakielewa chote, kukiongea ndiyo kazi.

Mwaka 2017 akapiga simu. Kapata mchumba, Mchina wa huko huko, anaitwa Wei.

Nikamwambia sawa, waje. Kwetu anayetaka binti ndiye anayetembea. Akasema mama yake Wei anaumwa magoti, ndege ya saa nyingi hawezi, na baba mtu alishafariki. Mke wangu naye ana presha, daktari kamkataza ndege. Nikabaki mimi.

Atupele akasema kitu kimoja kilichonishika. "Baba, ukisema no, mimi sitaolewa. Lakini come and see them first."

Mama Atu akanisindikiza hadi mlangoni. "Baba Atu, nenda ukaangalie watu, usiende kuangalia majengo. Na usirudi hapa bila jibu."

Basi wakuu, mnajua nilikwenda kufanya nini. Maisha ya mtoto yako kwenye mdomo wangu, na mdomo wangu mnaujua, wanaonifahamu humu.

Nilipofika, majengo niliyaangalia. Nitadanganya nikisema sikuangalia.

Kitu cha kwanza nilitafuta ukuta. Fundi ni fundi. Nikatafuta waya wa umeme juu ya ukuta, ukuta wenyewe haupo! Ghorofa kubwa, watu maelfu, chini pako wazi, unapita tu kama sokoni. Hakuna mlinzi wa kukuuliza unaenda kwa nani.

Tukapanda juu. Kila mlango una geti dogo la chuma. Moyo ukafurahi, nikasema hapa kumbe kuna ndugu zangu. Nikainama kuangalia. Wakuu, geti jembamba, limetiwa maua, kufuli ya kuchezea. Geti lile ukilifunga Hillbrow, kwetu Joburg, watu watadhani ni pambo la harusi.

Na nje ya geti viatu vizuri vimepangwa. Baiskeli imeegemezwa, haina mnyororo. Nikamuuliza Atupele, "Wenye vitu hivi wamehama?"

Akacheka hadi akakaa chini.

Siku ya pili akanipeleka kula kwenye jumba kubwa la mama ntilie wa kila aina, Wachina, Wahindi, Wamalay. Yeye akaenda kununua, mimi nikabaki natafuta meza. Nikaona mama mmoja anaweka mwavuli na kipakiti cha tishu mezani, halafu huyo anaondoka.

Mimi ni mtu wa Joburg. Mtu akisahau kitu mezani una nafasi ya kupumua mara moja tu kabla hakijapata mwenyewe mwingine. Nikachukua vile vitu nikamkimbilia, "Mama! Mama! Your things!"

Yule mama alinitazama kama nimemwibia nyumba. Kumbe kule ndivyo wanavyoshika meza. Unaacha tishu, unaenda kupanga foleni ya chakula, ukirudi meza ni yako na tishu zako zipo. Tuliporudi pamoja meza ilikuwa imeshakaliwa na vijana wanne. Akasema maneno ya Kichina ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

Kingine ni robot, yaani taa za barabarani. Usiku barabara nyeupe, hakuna gari hata moja, na watu wamesimama pembeni wanasubiri mtu wa kijani. Nikasimama nao. Nilijisikia mjinga na mstaarabu kwa wakati mmoja.

Nikawa najiuliza, hawa watu wamefanyaje? Wote wanaogopa faini? Au wamekubaliana tu? Na kama wamekubaliana, walikaa kikao wapi? Sijapata jibu mpaka leo. Wenye elimu mtanisaidia.

Turudi kwenye posa.

Nilimwambia Atupele posa siipokei hotelini wala kwa Wei. Mimi ndiye baba wa binti, wao ndio waje. Akasema, "Baba, hapa you don't have a house." Nikamjibu popote nilipokaa mimi ndiyo kwangu. Ikawa kwenye chumba chake cha kupanga. Nilivaa suti yangu ya kahawia, nikakaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

Wakaja mchana. Wei mwenyewe, kijana mwembamba, miwani, mpole. Mama yake, mfupi, kavaa nyekundu, anatembea taratibu kwa magoti yale. Na kaka yake mama, mzee wa rika langu, dereva wa teksi, ndiye alikuwa kama mshenga. Kule kila mzee anaitwa Uncle, hata usiyemjua. Basi yeye akaniita Uncle na mimi nikamwita Uncle. Kiingereza chake cha barabarani na changu cha barabarani vikaelewana vizuri tu.

Walibeba vikapu vyekundu vya mfuniko. Machungwa, keki, majani ya chai, uyoga mkavu, makopo ya nyama, chupa za brandi. Kila kitu kimewekwa viwili viwili. Nilipenda. Nikasema moyoni, hawa ni watu.

Nikapokea kama ninavyojua mimi. Kwetu posa ukiiacha mezani maana yake bado unafikiri. Mimi nilishaamua, nikataka waone. Nikamwambia Atupele peleka vyote jikoni. Brandi nikaitia kwenye begi langu mwenyewe, mbele yao, kwa heshima.

Atupele akaniita jikoni. Uso umebadilika.

"Baba, nusu inarudi kwao."

"Nusu ya nini?"

"Ya zawadi. Ni custom. Unachukua nusu, nusu unawarudishia. Wei aliniambia, nilitaka kukuambia yesterday ukasema umechoka."

"Nusu ya mtoto wangu nayo irudi?"

"Baba, please, usianze."

Wakuu, naomba mnielewe hapa, hasa mliozaliwa mjini. Kwetu posa hairudi. Nilipokuwa mdogo baba yangu alirudisha ng'ombe wa watu, na shangazi yangu hakuolewa na yule bwana, na ukoo ule na wetu haukusalimiana tena. Ng'ombe akirudi, binti naye karudi. Hakuna njia nyingine ya kusoma jambo hilo.

Sasa mtoto ananiambia niwarudishie watu machungwa ndiyo waelewe nimekubali!

Nikamwambia sirudishi hata kopo. Nikafuta vile vikapu vizuri kwa kitambaa, nikavibeba mwenyewe sebuleni, vitupu, vinang'aa, nikamkabidhi Uncle.

Uncle akafungua kimoja. Akafungua cha pili. Akanitazama.

"Uncle, how come empty?"

"Because I say yes," nikamjibu. "I take everything. Yes!"

Hakuna aliyecheka. Mama Wei akasema kitu kwa Kichina, sauti ndogo. Wei akainamisha kichwa. Nikamwambia tafsiri. Hakutaka. Nikamwambia kijana, ukitaka kuwa mkwe wangu, tafsiri.

Akasema, "Uncle, mother says, if you keep all, it means you take all the luck. Nothing left for our side. She says maybe your family doesn't want to share with our family."

Yule mama akaanza kuinuka. Kwa magoti yale kuinuka kulichukua muda. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Atupele amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni.

Nikaona kabisa. Wakitoka na vikapu vitupu, imekufa. Nikirudisha machungwa yao, kwangu mimi imekufa vilevile. Hata kama wao watafurahi, mimi nitakuwa nimemkataza mtoto wangu kwa mkono wangu, na hiyo picha nitakufa nayo.

Nikasema, "Wait. I call my wife."

Ndiyo, nilimpigia mke wangu mbele ya wakwe. Anicheke anayetaka. WhatsApp, video, Joburg ni asubuhi, yuko na kanga kichwani. Nikamweleza kwa kifupi, hawarudi nyuma, sirudi nyuma.

Akaniuliza, "Vikapu umewapa vitupu?"

"Vitupu. Nimevifuta."

"Baba Atu, wewe umelelewa na nani? Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi tupu?"

Nikavitazama vile vikapu.

"Nakuuliza wewe mwanaume. Linarudi tupu?"

"Halirudi tupu."

"Haya. Kwenye begi kuna mchele na kitenge nilichokupa. Vimekwenda huko kutalii?"

Akakata simu. Anakata hivyo siku zote.

Wakuu, nilisimama pale kama nimepigwa na waya. Jambo hili nalijua tangu nikiwa sina meno. Mama yangu angenichapa kwa kurudisha bakuli tupu. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye posa, nikasahau ujirani.

Nikawaambia kaeni. Nikaleta mchele wa Kyela ambao Atupele aliuagiza, niliupata Joburg kwa mama mmoja anayepokea mizigo ya mabasi kutoka nyumbani. Nikamimina kikapu kimoja hadi juu. Kingine nikatia kitenge. Cha tatu nikatia rooibos, majani ya chai ya Afrika Kusini, ya Atupele kutoka kabatini, aliniangalia tu.

Uncle akachungulia. "Uncle, you bring rice... to Chinese people?"

"This one is not your rice," nikamwambia. "Smell."

Mama Wei ndiye aliyeingiza mkono. Akachota, akanusa. Akanusa tena. Akamwonyesha kaka yake, wakaanza kubishana kwa Kichina, Wei akasema wanabishana upikwe kwa maji kiasi gani. Nikasema moyoni, hapa sasa tumefika, watu wakishabishana mapishi hawana ugomvi tena.

Halafu yule mama akafanya jambo. Akaomba bakuli. Akachota mchele wangu, nusu kabisa, akaumimina kwenye bakuli, akanisogezea.

Mchele wangu unarudi!

Damu ilinipanda, sitawaficha. Mkono ulitaka kusukuma lile bakuli. Nikamtazama usoni. Alikuwa anatabasamu, anaogopa, anasubiri. Uso wangu pengine ndivyo ulivyokuwa wakati nawakabidhi vikapu vilivyong'aa, nikisubiri wafurahi.

Nikalipokea kwa mikono miwili.

Akasema neno moja kwa Kiingereza, la kwanza kunisemesha yeye mwenyewe. "Family."

Nikamjibu, "Family, mama."

Atupele akalia mpaka mafua. Uncle akauliza ile brandi niliyoitia begini kama tunaweza kuifungua au ndiyo imeshahamia Afrika. Tukaifungua.

Wakuu, somo langu ni hili, nalisema kifundi kwa sababu ufundi ndio shule yangu. Ukitaka kuunganisha vyuma viwili, lazima vyote viwili viyeyuke kidogo. Ukiyeyusha kimoja tu, kwa macho vinaonekana vimeshikana, vikigongwa vinaachana. Mimi nilikwenda nikitaka Wachina wayeyuke peke yao.

Na vijana mnaobishana, mji ule ni msafi kweli na mageti yao ni ya kuchezea kweli. Lakini hata mimi ninayeuza mageti sikuona kilichozidi yule mama na lile bakuli la mchele.

Sasa nina swali, nalileta kwenu kwa unyenyekevu kidogo, si sana. Magoti ya mama Wei yamefanyiwa upasuaji, anaweza kusafiri, wanakuja Johannesburg mwaka huu kumalizia mambo kwa taratibu zetu. Uncle kaniuliza walete nini. Nimwambie ng'ombe? Na nikimwambia ng'ombe, wakitoa, nusu ya ng'ombe nitairudishaje?

Nawasikiliza. Wa matusi pia wanakaribishwa, ila mje na jibu.