Picha Safi

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, ukubwa wa mkate wa nusu kilo, nami niliionea fahari kana kwamba nimeizaa. Kazi niliyopewa katika hospitali ile ya Busia ilikuwa kuipima. Je, inaona sawasawa kila upande? Inaweza kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana? Kamera ya aina hiyo haitoi mionzi. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, nayo kamera huangalia dawa imekwenda wapi mwilini. Dawa ilifika Kisumu kwa ndege, kisha Busia kwa gari, na kila baada ya saa sita nguvu yake ilipungua nusu. Kwa hiyo siku ya dawa mimi na muuguzi tulikimbizana nayo, na aliyetusemesha tulimjibu kwa mkato.

Majuma mawili tulipima chupa na vipande vya plastiki. Kisha akaja mgonjwa wetu wa kwanza, mama muuza mitumba wa mtaa wa Burumba, mwenye uvimbe shingoni ukubwa wa ndimu. Alituambia anataka jambo moja tu, ajue kama ni "ile kitu". Neno saratani hakulitaja.

Akalala, nikashusha kamera. Tezi ya shingo ikajitokeza kwenye skrini, na upande wa kushoto palikuwa na doa la giza lisilonyonya dawa. Doa kama hilo si la kuchezea. Lazima nyama yake itolewe kwa sindano ikapimwe, tena haraka. Lakini mimi nilikuwa nikitazama kingo za doa, jinsi zilivyokatika vizuri. Nikamgeukia muuguzi.

"Picha ni safi," nikasema. "Safi kabisa."

Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu uliteleza ukiwa umevaa koti jeupe.

Mama akafumba macho, akashusha pumzi, akasema Mungu ni mwema. Nilidhani anashukuru kwamba tumemaliza. Hata nikamtania kuwa shingo yake sasa ni maarufu. Nikamwambia arudi Alhamisi kumwona daktari.

Hakurudi. Namba yake ya simu ilikuwa ya upande wa Uganda, alikokuwa akichukua mali, na haikupatikana. Daktari alisema watu wa mpakani ndivyo walivyo, leo huku kesho kule. Nikaafiki upesi, maana nilikuwa na ripoti ya kuandika. Niliandika kwamba kamera imefaulu.

Alikuja baada ya miezi saba. Shingo ilikuwa imevimba hadi chini ya taya na sauti ilikwaruza. Sindano ilithibitisha kuwa ni saratani, na daktari akamweleza kwamba upasuaji haungemsaidia tena. Alipotoka alinikuta kwenye korido. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Si wewe ulisema ni safi?" akaniuliza. "Mimi nikajua niko safi. Nikatoa mpaka ushuhuda kanisani."

Nikaanza kumweleza kwamba nilikuwa nikiisifu picha, si shingo yake. Nikajisikia nikisema hivyo, nikaachia katikati. Aibu ile haijanitoka mpaka leo.

Mama akauliza kama siku ile doa lilikuwa linaonekana.

Nikamwambia ndiyo, lilionekana vizuri sana.