Kiwiko cha Tangini

Pale kwenye kiwanda kidogo cha ngozi wote walimwita Mama Kiwiko, kwa sababu kwa miaka ishirini na mitatu alipima joto la maji kwa kiwiko chake, na kiwiko hicho alijivunia kama wengine wanavyojivunia watoto waliofaulu mitihani.

Kazi yake ilikuwa tangi la kulainishia. Ngozi za mbuzi zikitoka kwenye chokaa ya kuondolea manyoya huwa zimevimba na kukakamaa. Huoshwa mpaka ukali wa chokaa upungue, kisha hutiwa kwenye maji yenye unga wa vimeng'enya, ambavyo hula mabaki yaliyomo ndani ya ngozi ili ilegee. Lakini vimeng'enya vina madeko. Chokaa ikibaki nyingi, vinagoma. Maji yakiwa baridi, vinalala usingizi wa pono. Yakiwa vuguvugu kama mwili wa mtu, vinachapa kazi. Yakizidi hapo, vinakula bila adabu mpaka ngozi itoboke. Yakizidi sana vinakufa, na ukiyapoza havifufuki.

Wakati wa baridi uliopita, ngozi thelathini zilitoka ngumu kama mbao. Mwenye kiwanda, ambaye ni shemeji yake, akanunua kipimajoto na kumkabidhi mkamwana wa Mama Kiwiko, msaidizi wake hapo tangini. Wiki haikuisha, kikapotea. Mkamwana aliitwa mzembe mbele ya watu. Shemeji akatangaza kwamba ngozi zikiharibika tena, tangi litafungwa na wanawake wote sita wanaofanya kazi hapo watarudi nyumbani.

Siku ya ngozi zilizofuata, Mama Kiwiko aliamka viungo vyote vinamuuma. Hakumwambia mtu. Kusema anaumwa kungekuwa kumwachia mkamwana tangi, na hilo hakulitaka hata kwa dawa. Alijifunga shali mabegani, akaenda.

Ngozi arobaini zilikuwa majini, unga umeshatiwa. Alichovya kiwiko. Baridi. Akaagiza ndoo ya maji ya moto, ikamwagwa. Akachovya tena, bado baridi. Ikaja ya pili. Mkamwana aliona mvuke ukipanda, akasita, lakini nani angethubutu kubishana na kile kiwiko? Mama Kiwiko akachovya mara ya tatu, meno yakigongana, akaagiza nyingine.

Mkamwana alimshika mkono asiteleze, akashtuka.

"Mama, unawaka moto. Hayo maji si baridi. Ni wewe una homa."

Mama Kiwiko alitaka kumkaripia. Hofu ilimshika. Kama ni homa, basi kiwiko kilikuwa kinamdanganya tangu ndoo ya kwanza, na ngozi arobaini zilikuwa zinaliwa mbele ya macho yake. Mkamwana akanung'unika kwamba laiti kipimajoto kingekuwepo. Mama Kiwiko aliangalia sakafu.

"Weka kiwiko chako," alisema.

"Sijui yanatakiwa yaweje. Hujawahi kuniruhusu."

"Mwanao ulikuwa unamwogesha kwa maji gani?"

Mkamwana alikunja mkono wa blauzi, akachovya, akautoa upesi. "Ningemtia mtoto humu, angepiga kelele."

Ikawa mbio. Maji ya baridi yakamwagwa ndoo baada ya ndoo, mkamwana akichovya kila mara, na Mama Kiwiko ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitetemeka na kuomba kimoyomoyo. Hatimaye mkamwana akasema hapo mtoto angetulia. Kilichobaki ni kujua kama wamechelewa, na kipimo ni kimoja tu: unabonyeza ngozi kwa kidole gumba. Alama ikifutika, bado. Ikibaki, tayari. Kidole kikipenya, kwisha habari.

Mama Kiwiko alinyoosha gumba lake. Lilikuwa linacheza kwa homa, akalirudisha. Mkamwana akavuta ngozi ya juu kabisa, akabonyeza. Kidole kikapenya. Ya pili nayo ikatoboka, na ya tatu. Ya nne ilibaki na alama ya gumba, nzima. Ya tano hivyo hivyo. Walizikagua zote mpaka ya mwisho. Thelathini na saba zilikuwa zimepona.

Shemeji aliingia, akaziona, akasema tatu si hasara, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Akauliza kwa utani kiwiko kinasemaje leo.

"Muulize huyo," Mama Kiwiko alisema, akimwonyesha mkamwana, ambaye mkono wake bado ulikuwa unachuruzika maji. Angeweza kuishia hapo. Hakuna aliyeuliza zaidi. Lakini aliendelea, sauti ikikwaruza: "Na kile kipimajoto hakukipoteza. Nilikitupa mimi, kwenye shimo la chokaa."

Mkamwana alimkazia macho kwa muda mrefu, na Mama Kiwiko hakuweza kuyahimili. Kisha yule binti alivua sweta lake, akamfunika mama mkwe mabegani, akarudi tangini kuchovya kiwiko.