Soksi Ndani ya Kengele ya Ngamia

Nilitia soksi ndani ya kengele. Soksi yangu ya shule, ya mguu wa kushoto, yenye tundu kwenye kidole gumba. Nilitaka mwalimu mmoja kutoka Nairobi apige mayowe, nipate la kuwasimulia wenzangu darasani mpaka tufunge shule. Sijawasimulia. Nikikumbuka tu, uso unanichoma.

Kengele yenyewe ni koor, ile ya mti anayovishwa ngamia shingoni. Kwetu, nje kidogo ya mji wa Garissa, twiga wanaishi nasi kama wapangaji wasiolipa kodi. Wakisikia koor wanajua ni ngamia na watu wa nyumbani, wanaendelea kutafuna migunga yao. Ukiwatokea kimya, wanakudhani mwindaji. Ndiyo maana anayempeleka mgeni hutangulia akiitikisa. Mimi hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Mwaka huo wazee walitaka ile migunga ikatwe, ichomwe makaa. Mama na wanawake wenzake wakawaomba wangoje: twiga wataleta wageni, na wageni wataleta riziki. Wazee wakawapa muda mpaka mvua. Abti, kaka yake mama, akacheka. "Mgeni gani atakuja huku, na jua hili, na mashifta barabarani?"

Akaja mmoja. Mwalimu wa shule ya watoto walemavu, naye mwenyewe miguu yake ilipooza utotoni, anatembelea kiti cha magurudumu. Alikuwa ametuma neno: akifika mpaka kwa twiga bila kubebwa mgongoni kama gunia, atawaleta watoto wake wote. Basi wanawake wakafagia njia, wakang'oa miiba kwa mikono, wakatengeneza mkokoteni wa punda wenye mbao za kupandishia kiti na kamba za kukifungia. Mama hakulala vizuri wiki nzima. Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyefanywa mkalimani na mbeba kengele.

Mwalimu alikunywa maziwa ya ngamia kwetu, akamaliza kibuyu, akasifu ile harufu ya moshi tunaofukizia kibuyu. Mama akang'aa kama amepewa ngamia.

"Kumbe wewe ndiye mkalimani?" mwalimu aliniuliza tulipoanza safari.

"Ndiyo, mwalimu. Hata punda namtafsiria."

"Anasema nini?"

"Anauliza kama kile kibuyu ulikimaliza chote."

Alicheka mpaka kiti kikatikisika. Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nikajiambia, huyu mwalimu anapenda mzaha, ngoja nimpe wa kwelikweli. Tulipokaribia kona ya vichaka nikavua kiatu kama natoa mchanga, nikachomoa soksi, nikaisokota ndani ya koor. Ikanyamaza.

Mama alikuwa nyuma yangu, anamwongoza punda. "Waryaa! Mbona hupigi?"

"Hooyo, wako mbali bado. Nikipiga sasa watachoka kuisikia."

Upuuzi mtupu. Lakini ni mimi niliyechunga pale miaka yote, akaniamini. Akaendelea kuvuta punda.

Tukakata kona. Walikuwa pale pale, kundi zima, karibu kiasi cha kuona kope zao, na ndama mmoja mwenye miguu kama vijiti. Shingo zote zikainuka kwa pamoja. Kisha ardhi ikatetemeka. Walitimka kuelekea mtoni wakiangusha matawi, punda naye akaruka, mkokoteni ukalalia ubavu, kamba ikakatika, na mwalimu na kiti chake wakaanguka mchangani.

Mayowe niliyoyangoja hayakuja. Mwalimu alijiinua kwa viwiko, mchanga mdomoni, gurudumu moja limepinda. "Sijaumia," alisema. Akapangusa macho, akatazama lile vumbi. "Wako wapi? Mimi nimeona mikia tu."

Mama aliokota koor niliyoiangusha. Aliitikisa mara moja. Akatia kidole ndani, akaigusa soksi, akanitazama. Nilitamani punda anipige teke. Kisha akaifunika kengele kwa shuka yake, akapiga magoti mbele ya mgeni.

"Mwalimu, bole sana. Kosa ni yangu. Mimi nasahau sema kijana abige kengele."

Nilifungua mdomo. Mkalimani, mwenye maneno ya punda na ya watu, nikainama kuokota kamba iliyokatika.

Tuliusimamisha mkokoteni tukamrudisha, wanawake wawili waliokuja mbio kwa kile kishindo wakimshikilia kitini. Abti alikuwa mlangoni. "Haya, mgeni wenu ameona nini? Vumbi?" Mama akampita, akamletea mwalimu maji. Mwalimu alisema atarudi kabla ya mvua ajaribu tena, ila watoto hawezi kuwaleta kabla hajaona mwenyewe kwamba ni salama. Akamshika mama mkono kwa muda mrefu. Twiga hawakuonekana tena siku ile, wala siku zilizofuata.

Jioni sikuweza kula. Nilikaa nje ya nyumba nikichora mchangani. Mama alitoka, akanitupia soksi mapajani, mbichi bado kwa maji, akasema:

"Nimeifua. Leo nimemdanganya mgeni akiwa na maziwa yangu tumboni. Akirudi, kabla hajapanda mkokoteni, utamwambia wewe."