Gari la Viti Viwili

Siku gari lile lilipoingizwa uani kwa Libérate, ndani yake mlikuwa na vyura. Wala si chura mmoja, kwamba utacheka kidogo umtoe kwa fagio. Walikuwa kumi na mmoja, wanene, wametaga mayai yao ya utelezi chini ya kiti cha dereva, na pembeni yao panya aliyeoza zamani hata ukabaki mkia. Mumewe Pontien alisimama kando ya uchafu huo kama bwana arusi, tope hadi magotini, meno yote nje. Libérate alifunika pua kwa ncha ya kikwembe chake. Ndivyo walivyofahamiana, yeye na gari, na hawakupatana kamwe.

Ulikuwa mwaka wa sitini, mwezi wa nane, uhuru wa Kongo ungali mbichi. Mzungu mmoja, bwana shamba wa pamba, ndiye aliyekuwa na gari hilo la starehe: la Kiingereza, viti viwili tu, paa la turubai, magurudumu ya spoki kama ya baiskeli. Wazungu walipokimbilia ng'ambo, Usumbura, yeye alilitumbukiza kwenye mfereji wa mpunga kule Luberizi, akarukia gari la mwenzake bila hata kugeuza shingo. Likakaa majini wiki nne. Watu wakang'oa vioo vyake wapate kujitazama. Pontien, fundi katika gereji moja hapa Uvira, aliomba alichukue, akaambiwa alichukue, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Akalivuta kwa kamba nyuma ya lori mpaka nyumbani kwao Mulongwe, karibu na ziwa.

Libérate alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Aliviangalia viti, akavihesabu, kazi isiyochukua muda.

"Baba Sévère, na batoto bataikala wapi?"

"Batakaa kwa magoti."

"Magoti ya nani?"

Pontien hakusikia. Alikuwa amekwisha kuingia chini ya gari, miguu tu nje, na miguu hiyo ndiyo Libérate aliyoishi nayo miaka karibu minne.

Waliosema ukipenda boga upende na ua lake hawakuwahi kuletewa boga la namna hii. Sufuria ya maharagwe ilichukuliwa kuchemshia vyuma vilivyoshika kutu. Ikarudi imeng'aa, na maharagwe ya wiki tatu yakanuka mafuta ya taa. Kopo la maziwa ya mtoto likawa kopo la skurubu. Beseni la kuogeshea watoto lilipotea siku mbili, likapatikana chini ya injini limejaa uji mweusi, mzito, wenye manyoya ya kuku ndani. Térence, mtoto wa tatu, alipoanza kutambaa alitambaa moja kwa moja mpaka kwenye beseni hilo, akachota, akaonja. Usiku kucha alitapika weusi. Pontien alimbeba, akampapasa mgongo, akasema kwa fahari kwamba mtoto huyu atakuwa fundi. Libérate alimtazama, akajiuliza kama kichwa cha mumewe nacho kimekaa majini wiki nne.

Na ngozi! Tusiisahau ngozi. Viti vilikuwa vimeoza, na Pontien, mwenye kujua chuma lakini hajui kitu kingine chini ya mbingu, alinunua ngozi za ng'ombe kwa Rwabuhihi, mfugaji aliyekuwa akishuka na mifugo yake kutoka milimani. Rwabuhihi alimweleza kwa upole kwamba ngozi hizo bado, zinataka kulowekwa, kukwanguliwa, kukaushwa, kulainishwa. Pontien alikuwa na haraka. Alizishona hivyo hivyo. Mvua ya kwanza ilipopiga, viti vikaamka. Harufu ilitoka uani ikaingia nyumbani, ikakaa mezani pamoja nao, ikala nao ndagala. Inzi walikuja kutoka hata Kalundu. Mbwa wa mtaa mzima walilala wakilizunguka gari, wakilia kwa hamu. Libérate alikuwa na mimba ya miezi mitatu wakati huo. Kila asubuhi alitoka kutapika, na kila asubuhi alimkuta mumewe amekaa juu ya kiti kile, ameshika usukani, anatazama mbele kwenye ukuta.

Penye penzi, chongo huitwa kengeza. Pontien alisema ni harufu ya ngozi halisi.

Mtu mmoja tu alimsaidia, naye ni jirani yao Norbert, karani wa posta. Gari lilikuwa na kitabu chake kidogo cha Kifaransa cha kueleza kila kipande, na Pontien kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Kila Jumapili baada ya misa Norbert alikuja na miwani yake, akaketi juu ya kopo la mafuta, akasoma kwa sauti ya padri habari za kabureta, na Pontien chini ya gari akajibu kwa nyundo. Hakutaka malipo. Mkewe Élisabeth alikuwa akimtania Libérate kwamba waume zao wameoa mke wa pili kwa shirika. Hata Libérate aliweza kucheka hapo. Norbert alikuwa mtu safi. Kabla ya kukaa alipangusa kopo kwa leso.

Basi uhuru ukaendelea kukua vibaya. Mabwana wapya walikuja, wakaondoka, wakaja wengine. Kila mmoja aliposikia kuna gari la starehe Mulongwe alipita kulitazama, akakunja pua, akaahidi vipuri kutoka Bukavu. Vipuri havikuja. Pontien alivichonga mwenyewe. Mwezi wa tano, mwaka wa sitini na nne, injini ikaitika. Libérate alikuwa ameshika mimba ya nne, tumbo limeshuka. Alisimama mlangoni akasikia ngurumo ile, akaona moshi wa buluu ukiingia kwenye nguo alizotoka kuanika, na Pontien akilia kwa furaha. Wiki hiyo hiyo waasi wakauteka mji.

Walikuja wakipiga kelele za "Mayi!", vijana kwa sehemu kubwa, vichwani majani, vifuani hirizi. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi ziwe matone ya mvua. Dawa hiyo ilikuwa na miiko yake: mpiganaji asiguswe na mwanamke, asile chakula alichopika mwenye mimba, asikaribie damu ya uzazi. Walikusanya magari yote ya mji. Komanda wao alipofika uani kwa Libérate, alilitazama gari bila hamu kubwa.

"Hii nayo inatembea?"

Kila mwenye gari Uvira aliyekuwa na akili alikwisha kung'oa kipande kimoja kidogo akakifukia chini ya mtungi, akaapa kwamba gari lake ni maiti. Pontien angeweza kufanya hivyo kabla ya kope kugongana. Lakini alikuwa amengoja swali hilo miaka karibu minne, na hakuna aliyemuuliza.

"Inatembea, Komanda!" alisema. "Na inaruka!"

Libérate alifunika pua tena kwa ncha ya kikwembe.

Wakamnyunyizia maji siku hiyo hiyo, wakamfanya dereva wa Komanda. Kama alifanywa kwa nguvu, uso wake haukuonyesha. Miiko aliishika kuliko wenyewe: hakuingia tena nyumbani, hakula kwa mkewe, alilala uani karibu na gari. Alilipangusa asubuhi na jioni. Mji ulikuwa umefunga milango, watu wanachukuliwa, na kaburi halijulikani. Yeye alirudi akisimulia jinsi gari linavyopanda mlima. Libérate alijifungua mikononi mwa Élisabeth. Baba mtoto alikuwa nje, hatua kumi, akisikiliza injini.

Kesho yake waasi walimchukua Norbert akiwa kazini. Walisema karani ni mtu wa serikali. Élisabeth aliambiwa tu kwamba mumewe hayupo tena, na kwamba atakayemlilia atamfuata. Waasi walikuwa wamekataza matanga ya watu waliowaua. Naye hakulia. Alikaa ndani na watoto wake, madirisha yamefungwa.

Jioni Pontien alirudi peke yake na gari. Alisimama mbali na mlango, kama mwiko ulivyotaka.

"Mama Sévère, unitupie sabuni."

"Sabuni ya nini?"

"Kiti kimechafuka."

Libérate alisogea mlangoni. Kile kiti cha pili, kile ambacho watoto wake hawajawahi kukikalia, kilikuwa cheusi kwa damu, na inzi wamerudi.

"Baba Sévère. Norbert iko wapi?"

Pontien alikwangua kiti kwa ukucha.

"Bale ba lori ya nyuma balimupiga masasi njiani, bado tunatembea. Minye niko dreva tu," alisema. Kisha, kwa uchungu wa kweli: "Ngozi hii inashika madoa mbaya sana."

Libérate aliufunga mlango. Aliwaza yote ambayo mwanamke huwaza. Alitamani mtu huyu asirudi kamwe, na papo hapo aliwatazama watoto wanne wamelala kwenye mkeka mmoja, akajua hawezi kuwalisha peke yake katika mji huu. Alikuwa amesikia kupitia ukutani kwamba kesho gari linapelekwa uwandani, njia ya Bukavu, ambako ndege za serikali zilikuwa zikiwinda kila kitu chenye magurudumu. Madereva watatu walikwisha kwenda huko, na kati yao hakuna aliyerudi. Akienda, atakufa. Asipokufa, ataleta kiti kingine cha kuosha. Alimtaka nyumbani, akiwa hai, hata kama anamchukiza.

Kwao Warundi mzazi hatoki nje kabla ya siku ya nane, mtoto anapotolewa na kuonyeshwa watu. Libérate alitoka siku ya tatu. Komanda na watu wake walikuwa wamefika. Pontien alikuwa akifungua paa la turubai. Akapita katikati yao, nguo za uzazi bado mwilini, mtoto mkononi. Vijana wenye bunduki wakaruka pembeni kama kuku. Akafungua mlango wa gari, akaketi kwenye kiti cha dereva. Kilikuwa kinanuka bado. Akampa mtoto ziwa, na kwa mkono wa pili akashika usukani, akashika mlango, akashika kiti, kila kitu mkono wake ulichofikia.

"Toka mule!" Komanda alipiga kelele, akirudi nyuma. "Weye mwanamuke, toka!"

"Minye ni muzazi wa siku tatu," Libérate alisema. "Damu yangu haiyakauka. Mwenye anataka kunitoa, akuye anishike."

Hakuna aliyekuja. Mmoja alinyanyua bunduki. Komanda akampiga mkono, maana damu hiyo ikirukia watu ndipo mambo yangeharibika kabisa. Libérate alizidi kuung'ang'ania usukani. Hakuwa shujaa, alikuwa amechoka kuogopa na kuona kinyaa kwa wakati mmoja.

Ndipo Pontien aliposahau. Kwa karibu wiki tatu hakumgusa mkewe hata kwa kidole, lakini sasa aliona maziwa yakidondoka juu ya ngozi ya kiti chake, akaruka, akamkamata kwa mikono miwili mabegani ili amtoe.

"Unaharibisha kiti! Mama Sévère, kiti!"

Pontien aliitazama mikono yake. Wote waliitazama.

Komanda alitema mate chini. Alisema gari limekufa na dereva amekufa. Maji yake yamemwagika, na yeyote atakayekaa naye risasi itamwona. Akamwamuru auondoe uchafu huo mbele ya macho yao, kwa mikono yake mwenyewe, mpaka ziwani. Libérate akashuka. Kutoka uani hadi pwani ni mteremko. Pontien akasukuma peke yake, wapiganaji wakifuata kwa mbali, vidole kwenye vifyatuo. Gari likaingia majini polepole, likaelea kidogo, likatoa mapovu na utando wa mafuta, likazama. Wapiganaji wakaondoka kutafuta gari jingine.

Pontien akaanguka mchangani, akalia. Hakulia kama mtu aliyeponea kifo. Alipiga kifua, akajigaragaza, akalia kwa sauti ya kusikika mitaa mitatu, "Yoo, ndugu yangu, yoo, sitakuona tena!" Libérate alisimama nyuma yake na mtoto. Alikuwa amempata mumewe. Alimtazama anavyotokwa na kamasi hadi kidevuni, na alikuwa bado hajauliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike.

Mlango wa jirani ukafunguka. Élisabeth alitoka, kitambaa kichwani, watoto wake wakimfuata. Alikuwa amesikia kilio. Alikwenda mbio mpaka mchangani, akapiga magoti karibu na Pontien, akamkumbatia, na machozi aliyoyafungia siku nzima na usiku mzima yakamtoka yote.

"Baba Sévère," alisema, "hakuna muntu mwingine. Batu bote baliogopa. Ni weye peke yako umemulilia Norbert. Mungu akubariki."

Libérate alingoja. Alimpa mumewe nafasi ya kusema neno moja, neno lolote.

Pontien alipangusa pua kwa mkono. Akautazama uso wa mjane, akatazama maji, kisha akaweka mkono wake juu ya bega la Élisabeth.

"Norbert," alisema, "alikuwa muntu muzuri sana."

Libérate aligeuka, akarudi nyumbani haraka kadiri mwili wake ulivyomruhusu. Alimlaza mtoto mkekani, akashika ukuta, akatapika.