Digrii Ndani ya Plastiki

Mama yangu hajui kusoma. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu ndiyo fimbo niliyomchapia, na sikuhitaji nyingine.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Kiwalani na digrii yangu ya ualimu ndani ya bahasha ya kaki. Chumba chetu kilikuwa kinavuja pande mbili, na mende walikuwa wanakula mpaka sabuni. Jumamosi moja Mama alipomaliza kuuza vitumbua vyake, aliibeba ile bahasha mpaka duka la fotokopi karibu na msikiti, akawaambia waipige laminesheni. Ilirudi imebanwa katika plastiki ngumu, inang'aa, hata ukitaka kuikunja haikunjiki. Akaitundika juu ya televisheni. Mgeni akiingia alionyeshwa digrii kwanza, maji ya kunywa baadaye. Nami nilimshukuru, tena kwa moyo wote. Karibu walimu wote niliowajua walikuwa wamevifanya vyeti vyao hivyohivyo.

Miaka sita nikafundisha Kiingereza shule moja ya kulipia huko Chang'ombe. Kisha akaletwa kijana wa Kizungu wa kujitolea, aliyesomea mambo ya ufugaji wa samaki, akapewa darasa langu la saba. Wazazi walifurahi kana kwamba kabla yake watoto wao walikuwa wanafundishwa na mbuzi. Kijana huyo ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza huko Asia. Walitaka mtu mwenye digrii, ya somo lolote lile.

"Hata ya samaki," alisema, akacheka. "Lakini wewe ni mwalimu kweli."

Nilimchukia na kumshukuru kwa wakati mmoja. Niliusoma ule mstari wa digrii mara tatu, nikamrudishia simu yake.

Wakala wa kazi hizo alikuwa na ofisi Kinondoni, juu ya duka la vipodozi. Tukaongea Kiingereza, akanisifia. Akaniambia nipeleke cheti halisi kikagongwe muhuri wa serikali, kisha kiende ubalozini, na nisichelewe. Nikaenda na digrii kwapani. Dirishani dada mmoja akaigonga kwa kucha, ikalia ko, ko.

"Muhuri tunagonga nyuma ya karatasi, dada, sio juu ya plastiki. Nani alikushauri uifanye hivi?"

"Mama aliitengeneza."

"Basi nenda Mama akakugongee."

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikatabasamu nao, Mungu anisamehe. Hasira yote niliibeba hadi nyumbani.

Nilimkuta Mama uani, ameinamia sufuria, anaosha mchele wa vitumbua vya kesho. Wapangaji walikuwepo. Sikumwita pembeni.

"Mama, umenimaliza," nilisema. "Hujui kusoma, karatasi za wanaojua kusoma zilikuhusu nini? Ujinga ungekuwa wako peke yako sawa, lakini umenitia na mie."

Aliendelea kuuzungusha mchele ndani ya maji. Nikarudia lile neno, ujinga, kwa sauti kubwa zaidi ili na waliokuwa ndani wasikie. Nilikuwa naona raha. Nimejaribu miaka hii yote kukumbuka kwamba nilikuwa naumia, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naona raha.

Kesho yake niliporudi kutoka shule, nilimkuta amekaa mkekani. Pasi ya jirani ilikuwa pembeni yake, kanga imekunjwa, na digrii yangu imelala juu ya kanga. Alikuwa ameipasha moto plastiki na kuibandua. Jina langu lilikuwa limetoka nayo, pamoja na nusu ya nembo ya chuo.

"Nilitaka nikutolee," alisema. "Kona ya kwanza ilitoka vizuri, mwanangu."

"Sasa umemaliza kazi," nilimwambia. Usiku ule sikula chakula chake.

Nilirudi kwa wakala kumwomba muda, nifuatilie cheti kingine chuoni. Alikuwa anajaza fomu yangu. Akaniuliza namba ya pasipoti, nikamtajia. Akainua uso.

"Hii si ni ya hapa?"

"Ndiyo. Nina nyingine wapi?"

"Mie nilijua una ya nje, madamu. Kwa kile Kiingereza chako? Kwani tangazo hukulisoma lote?"

Akanigeuzia kompyuta. Mstari wa mwisho kabisa ulisema mwombaji lazima awe raia wa nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa, na nchi zenyewe wakazitaja. Yetu haikuwemo. Kwa hiyo kijana wa samaki alikuwa anafaa, mimi sikufaa, na muhuri wowote usingenisaidia. Mimi, niliyekuwa nawachapa watoto rula za vidole kwa kujibu swali kabla ya kulisoma hadi mwisho.

Njia nzima nilipanga namna ya kumwomba Mama radhi. Nilipoingia uani alisimama, akajifuta mikono.

"Wamesemaje?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini niliona kwamba nikiyasema, mjinga nitakuwa mimi, na niliyesoma nitakuwa mimi huyohuyo.

"Wamekataa," nilisema. "Kwa sababu ya cheti."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye moto wake. Huo uongo sijaufuta hadi leo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa cha binti yangu. Nikapitia Kiwalani, mtoto begani, mkoba mkononi, nikampa Mama kile cheti anishikie. Alirudisha mikono nyuma haraka, akaificha ndani ya kanga.

"Nipe mtoto," alisema, bila kinyongo chochote. "Cheti kishike mwenyewe, mwanangu. Mie nisije nikakuharibia tena."

Nikampa mtoto. Cheti nikakitia kwenye mkoba mwenyewe, na hata hapo sikumwambia.