Godoro Langu Getini

Miaka sita tangu nimalize chuo nimekuwa nikilitafuta jina langu kwenye orodha za ajira za halmashauri bila kuliona. Kwa hiyo rafiki yangu aliponitumia picha ya ukurasa wa pili wa orodha ya watendaji wa vijiji, na jina langu likiwemo, sikuuliza ukurasa wa kwanza unasemaje. Nilimwambia mama. Mama akaiambia jumuiya. Wakasali rozari, wakaninunulia godoro, wakanisindikiza nalo hadi kwenye basi pale Kabanga.

Nilifika Biharamulo nikiwa nimelibeba kichwani. Getini kwenye ofisi za halmashauri walijaa vijana wengi, kila mmoja na bahasha yake. Mjinga mimi nikawaonea huruma, nikidhani wameleta maombi.

“Shikamoo mzee,” nilimsalimu mlinzi. “Nimekuja kuripoti kazini.”

“Marahaba. Jina lako?” Alilitafuta kwenye karatasi zake, akalipata, kisha akalitazama godoro. “Kijana, wewe na hawa wote mmo kwenye orodha hiyo hiyo. Leo ni usaili, na nafasi ni mbili.”

Simu ikaita. Alikuwa mama.

“Wameshakupokea, mwanangu? Sema kwa sauti, jumuiya yote inakusikia.”